Mume na Mke, Pumzikeni Pamoja

Mume akiwaambia majirani kwamba anakwenda na mkewe kukaa siku mbili mahali penye msitu, wengi watamwuliza: "Kuna msiba huko?" au "Mna mgonjwa?" Kwetu sisi safari ya mume na mke pamoja huwa na sababu inayojulikana: harusi, mazishi, hospitali, au kwenda kuwaona wazazi wakati wa sikukuu. Safari ya kupumzika tu huonekana kuwa ni anasa ya wageni kutoka Ulaya, au ya watu wenye fedha za kuchezea.

Mpenzi msomaji, katika ukurasa huu tunataka kulitazama jambo hili kwa upande wa afya. Tutaeleza jinsi uchovu wa ndani ya nyumba unavyoudhuru mwili, na jinsi mapumziko yanavyosaidia. Kisha tutataja mahali pamoja panapofaa, yaani nyumba za wageni zilizomo katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Mwisho tutaorodhesha mambo ya kuangaliwa ili safari ya kutafuta afya isiwarudishe nyumbani na ugonjwa.

UCHOVU USIOONEKANA

Tuchukue mfano wa nyumba ya kawaida. Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri, anawasha moto, anawaandaa watoto wa shule, kisha anakwenda shambani, sokoni au kazini. Baba anatoka mapema na kurudi saa mbili usiku, naye amechoka. Wakikutana mezani, maongezi yao ni yale yale: ada imebaki kiasi gani, unga umekwisha, bibi kijijini anaumwa, fundi hajaja. Wanaitana Baba Fulani na Mama Fulani, na kwa kweli wamekuwa baba na mama tu. Ule umume na uke walioanza nao umewekwa pembeni. Miaka kumi inapita hivyo bila ugomvi mkubwa, lakini pia bila maongezi.

Hali hii haiishii moyoni. Mtu akiwa na wasiwasi au hasira, mwili wake hutoa homoni zinazoufanya ujiandae kupigana au kukimbia. Moyo hupiga upesi, mishipa ya damu husinyaa, shinikizo la damu hupanda, na sukari katika damu huongezeka. Hiyo ni kinga nzuri kama umekutana na nyoka njiani, kwa sababu baada ya dakika chache hatari hupita na mwili hutulia. Lakini kama wasiwasi ni wa kila siku, mwili haupati nafasi ya kutulia. Hapo ndipo mtu huanza kukosa usingizi, kuumwa kichwa na tumbo, kukasirika kwa mambo madogo, na kupoteza hamu ya tendo la ndoa. Aliyekwisha kuwa na ugonjwa wa presha au kisukari huona vipimo vyake vinapanda ingawa anameza dawa.

Je, mambo ya mume na mke yanaweza kweli kuugusa mwili kiasi hicho? Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani, wakiongozwa na Janice Kiecolt-Glaser, walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wanandoa jozi 42. Kila mmoja alitiwa malengelenge madogo mkononi kwa chombo maalumu, ili watafiti waone yatapona kwa muda gani. Mara ya kwanza mume na mke walizungumza kwa kusaidiana. Mara ya pili walizungumzia jambo wasilokubaliana. Ilionekana kwamba baada ya mabishano vidonda vilichelewa kupona. Na wale ambao kwa kawaida walijibizana kwa ukali zaidi, vidonda vyao vilipona kwa mwendo wa asilimia 60 tu ya mwendo wa wale waliozungumza kwa upole.

Maana yake ni kwamba namna mnavyozungumza nyumbani ni sehemu ya afya yenu, kama vile chakula na maji safi.

MITI INASAIDIAJE?

Wazee wetu walijua kwamba kivuli cha mti mkubwa hutuliza, ndiyo sababu mabaraza yao yalikaa chini ya mibuyu na miembe. Wataalamu nao wamelichunguza jambo hilo. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alieleza habari za wagonjwa wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo. Baadhi yao madirisha yao yalitazama miti, na wengine yalitazama ukuta wa matofali. Wale waliotazama miti walitoka hospitali mapema kidogo na walihitaji dawa chache za kali za kutuliza maumivu.

Mwaka 2019 uchunguzi mwingine uliohusu watu karibu 20,000 nchini Uingereza ulionyesha kwamba waliokaa mahali pa mimea na hewa safi kwa dakika 120 au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema kwamba afya yao ni nzuri. Ilikuwa sawa tu kama dakika hizo zilipatikana kwa siku moja au kwa siku kadhaa.

Hata hivyo tusidanganyane. Uchunguzi huo hauthibitishi kwamba miti huponya magonjwa, maana mtu mwenye afya nzuri ndiye pia anayeweza kutembea sana. Tunachojua kwa hakika ni hiki: kutembea kwa miguu mara kwa mara husaidia kushusha shinikizo la damu, giza na ukimya husaidia usingizi, na mtu akikaa mbali na kazi zake akili yake hupata nafasi. Msituni mambo hayo matatu hupatikana pamoja.

AMANI KATIKA USAMBARA

Milima ya Usambara Mashariki inaonekana ukiwa Muheza. Kutoka Muheza mjini hadi Amani ni kama kilomita 35, na njia hupanda kwa kona nyingi katikati ya msitu na mashamba. Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikawa ya kwanza ya aina yake Tanzania. Ukubwa wake ni hekta 8,380, nayo husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Mgeni hukaribishwa kwanza Sigi, chini ya mlima, karibu na mto wenye jina hilo. Hapo pana nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, iliyojengwa wakati wa Wajerumani, kwa kuwa reli ndogo ilifika hapo. Mto Sigi ndio unaowapa maji watu wa jiji la Tanga, na hiyo ni sababu moja kubwa ya kuutunza msitu ulio juu yake. Kutoka Sigi barabara hupanda hadi Amani yenyewe, kwenye mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Joto la Tanga mjini hulikuti huko. Jioni mtu hutafuta sweta, na asubuhi ukungu hukaa juu ya mashamba ya chai.

Jina la Amani lina historia inayohusu afya. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa kilimo na bustani kubwa ya mimea iliyoletwa kutoka nchi nyingi. Miongoni mwa miti iliyopandwa ni ile ambayo magome yake hutoa kwinini, dawa ya malaria. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za kuleta dawa zilipozuiwa, kwinini ilitengenezwa hapo Amani kutokana na magome hayo. Katika miaka ya 1950, baada ya utafiti wa kilimo kuhamishiwa Kenya, majengo ya Amani yalitumika kwa utafiti wa malaria. Baadaye, katika miaka ya 1980 na 1990, vijiji vya Muheza vilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotumika kujaribia vyandarua vilivyotiwa dawa. Kwa hiyo chandarua unacholalia leo kina deni kwa watu wa wilaya hiyo.

Msitu wenyewe una mengi ya kuangalia. Kuna mbega weusi wenye mabega meupe, kima, hondohondo wanaopiga kelele wakiruka, vinyonga na vipepeo wa kila rangi. Kwenye miamba yenye unyevu huota ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao mwaka 1892, na leo ua hilo hupandwa katika vyungu madirishani karibu dunia nzima, lakini asili yake ni milima yetu hii.

Nyumba za wageni za hifadhi ziko Sigi na Amani. Si hoteli za fahari. Ni nyumba za kawaida zilizozungukwa na miti, zinazomfaa mtu anayetaka kulala, kutembea na kuzungumza. Mkipiga simu kuagiza chumba, ulizeni pia bei ya chumba, kiingilio cha hifadhi, malipo ya mwongozaji, na kama chakula hupikwa huko au mnapaswa kubeba. Kujua hesabu yote mapema huondoa ugomvi wa fedha njiani.

SIKU MBILI ZIPANGWEJE?

Kosa la wengi ni kuzijaza siku za mapumziko kama wanavyozijaza siku za kazi. Huwa wanarudi wamechoka kuliko walivyokwenda. Usiku mbili zinatosha, zikipangwa hivi:

Siku ya kwanza: Fikeni mchana, si usiku. Kuleni, ogeni, mkalale mapema. Mtu aliyekosa usingizi kwa miezi hawezi kuzungumza vizuri, kwa hiyo usianze kufungua mambo mazito siku hiyo.

Siku ya pili: Asubuhi tembeeni na mwongozaji kwa saa mbili au tatu, kwa mwendo wa yule aliye mwepesi kuchoka. Kama mnaweza kuzungumza mkitembea lakini hamwezi kuimba, mwendo huo unafaa. Baada ya chakula cha mchana, lala kidogo. Jioni kaeni nje mahali penye utulivu, kila mmoja ampe mwenzake nafasi.

Siku ya tatu: Tembeeni tena kidogo, kisha mrudi nyumbani mapema ili mpate jioni ya kutulia kabla ya kazi.

Simu ziwekwe mbali. Mwachieni anayebaki na watoto namba ya mapokezi, kisha chagueni saa moja tu kwa siku ya kuuliza habari za nyumbani.

Na mtazungumza nini? Wengi waliokaa pamoja miaka mingi huona haya wakibaki wawili bila mtoto wala televisheni. Hapa kuna maswali matatu ya kuwasaidia:

"Mume wangu, mwaka huu ni jambo gani lililokuchosha kuliko yote?"

"Mke wangu, ni kazi gani ya nyumbani ambayo ungependa nikusaidie?"

"Je, kuna jambo lolote la afya yako ambalo hujaniambia?"

Swali la tatu ndilo zito. Wapo waume waliopimwa wakakutwa na presha, wakaficha vidonge kazini ili mama wa nyumbani asiingiwe na hofu. Wapo wake waliogusa uvimbe kwenye titi, au wanaotoka damu isivyo kawaida, wakanyamaza kwa sababu ada ya mtoto ilikuwa haijalipwa. Wapo walioacha dawa bila kumwambia mtu. Siri ya namna hiyo ni hatari. Mwenzako akijua, atakukumbusha kumeza dawa, atakusindikiza kliniki, na siku ukianguka atajua la kumwambia daktari. Ukiambiwa siri kama hiyo, usianze na lawama ya "Kwa nini hukuniambia?" Anza na kusema, "Asante kwa kuniambia. Tutakwenda wote hospitali." Kisha andikeni tarehe ya kwenda.

MAMBO YA KUANGALIA

1. Pimeni presha kabla ya kwenda. Vipimo vikiwa 140 kwa 90 au zaidi, vinahitaji kurudiwa na kuonwa na mganga. Kama vimepanda sana, au kama kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kizunguzungu, nendeni hospitali kwanza. Kupanda mlima kutasubiri.

2. Bebeni dawa zenu zote, za siku zote na za ziada kidogo, kwa maana msituni hakuna duka la dawa. Mtu asiache dawa ya presha kwa sababu amejisikia vizuri kwenye hewa safi. Hospitali kubwa ya karibu iko Muheza mjini.

3. Mwenye kisukari asitembee bila kula. Awe na biskuti, ndizi au sukari mfukoni, na avae viatu visivyombana, kwa kuwa kidonda cha mguuni kwake ni jambo kubwa.

4. Kinga ya malaria isisahauliwe. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo malaria inavyopungua, kwa sababu vimelea hukua polepole ndani ya mbu mahali penye baridi. Lakini kupungua si kwisha, na mnapita bondeni ambako mbu ni wengi. Laleni ndani ya chandarua chenye dawa, vaeni mikono mirefu jioni, pakeni dawa ya kufukuza mbu. Mkipata homa wiki moja au zaidi baada ya kurudi, msinunue dawa kwa kubahatisha. Pimeni siku hiyo hiyo.

5. Mama mjamzito aulize kliniki kabla ya safari. Aliyekaribia kujifungua, au aliyeambiwa mimba yake ina hatari, asiende mbali na hospitali. Wanandoa wanaofuata uzazi wa mpango wasisahau utaratibu wao kwa sababu wako mbali na nyumbani.

6. Tembeeni na mwongozaji, fuateni njia, vaeni viatu vilivyofunika mguu, na usiku tumieni tochi. Msiingize mkono kwenye shimo wala chini ya gogo. Siafu wakiwapanda, ondokeni hapo kwanza, kisha muwatoe.

7. Kunyweni maji yaliyochemshwa au ya chupa, hata kama mto unaonekana safi.

8. Bebeni sweta na mwavuli. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hunyesha zaidi kuanzia Machi hadi Mei, tena Oktoba hadi Desemba. Katika miezi hiyo ulizeni hali ya barabara kabla ya kuondoka.

9. Pombe isiwe ndiyo mapumziko. Huharibu usingizi, hupandisha presha, na hugeuza mazungumzo kuwa kelele.

MAPUMZIKO YASIPOTOSHA

Kuna nyumba ambazo siku mbili za msituni hazitazisaidia. Kama mmoja anampiga mwenzake au kumtishia, kumpeleka mahali pa peke yao ni kumwongezea hatari. Huyo anahitaji msaada wa watu wengine kwanza: ndugu wanaoaminika, dawati la jinsia na watoto la polisi, au ustawi wa jamii. Pia mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi hana furaha hata kidogo, halali, hali, au anasema heri afe, anaumwa. Apelekwe kwa daktari haraka, na asiachwe peke yake.

NA ASIYE NA UWEZO?

Familia nyingi zitasema: Fedha ya chumba na nauli hatuna. Ni kweli, na hakuna anayepaswa kukopa ili apumzike, maana deni litaleta wasiwasi ule ule mliokuwa mnaukimbia. Lakini kinachosaidia si kitanda cha kulipia. Ni muda, ukimya, miguu inayotembea, na masikio yanayosikiliza.

Walio Dar es Salaam wana msitu wa Pugu, walio Moshi wana msitu wa Rau, walio Lushoto wana Magamba, na walio Morogoro wanaitazama milima ya Uluguru kila asubuhi. Mnaweza kwenda asubuhi na chakula chenu na kurudi jioni. Kijijini kuna mto, kilima, au shamba la ndugu lenye miembe. Watoto wakae na shangazi siku hiyo, na shangazi naye akitaka kupumzika na mumewe, ninyi mkae na watoto wake. Familia mbili zikipatana hivyo, hakuna anayelipa mtu.

Anayeweza kuweka akiba aweke kidogo kila mwezi katika kibubu cha wawili, asichukue fedha ya ada wala ya bima ya afya. Baada ya mwaka mmoja huenda ikatosha nauli ya Muheza na usiku mbili za Amani.

Jioni hii, watoto wakishalala, chukueni kalenda mtazame pamoja. Chagueni siku moja kabla mwezi haujaisha, mwiwekee alama, na mwambieni shangazi mapema. Siku hiyo ikifika msiiahirishe kwa sababu ya kazi, kwa kuwa kazi haitakwisha.